Mwanafunzi wa Daktari Oketcho

Daktari Oketcho alitoka Paya na sanduku moja la bati, akarudi Tororo baada ya miaka mingi akiwa mpasuaji, na tangu siku hiyo hajakosea. Ukitaka ushahidi, muulize mwenyewe. Ngiri aliyoishona ikirudi, kosa ni la mgonjwa: amebeba gunia, amekohoa, amepanda boda boda. Mwili wa mtu wa kawaida una tabia mbaya ya kuharibu kazi ya wasomi.

Mwaka jana wapasuaji wa pande zote mbili za mpaka na Kenya walikutana hotelini, wakakubaliana kwamba kila mmoja atamwita mwenzake aje kumwangalia akipasua, kisha wakae wazungumze kwa ukweli. Wazo zuri mno. Walipiga makofi, Oketcho kuliko wote, wakala kuku, wakarudi makwao, na hakuna aliyemwita mtu. Anayeangaliwa ni mwanafunzi, na uanafunzi waliuacha chuoni pamoja na njaa.

Aliyeharibu amani hiyo ni Daktari Kate, mpasuaji wa Busia upande wa Kenya, mdogo kwake kwa miaka kumi na miwili. Alimpigia Oketcho simu akamwambia kwamba wagonjwa watatu wa Oketcho wamevuka mpaka kumfuata yeye Kate, na ngiri zao zote zimerudi mahali pamoja, karibu na mfupa wa kinena. Oketcho akaeleza habari za magunia. Kate akasema mmoja wao ni mwalimu wa shule huko Mwello ambaye hajawahi kubeba kitu kizito kuliko chaki.

Wiki ile ile, Emojong, mchimba dhahabu wa Tiira, alikuwa amelazwa wodini kwa Oketcho, ngiri ikiwa imerudi mara ya pili. Kazi yake ni kuvuta mawe kwa kamba kutoka shimoni. Ikirudi tena, nafasi yake itachukuliwa na mwingine, naye hana shamba la kukimbilia. Oketcho alijua hayo. Akamkaribisha Kate, kwa sharti moja dogo: wauguzi waambiwe kwamba amekuja kujifunza.

Kate alikubali bila kubisha. Sista Scovia akamwonea huruma, akamwonyesha pa kusimama ili asimsumbue mkubwa. Emojong alikuwa amechomwa sindano ya mgongoni: kiuno kwenda chini kimekufa ganzi, masikio yapo kazini.

Mwalimu Oketcho akafundisha. Hapa tunakata, hapa tunarudisha utumbo ndani, hapa tunaanza kushona ukuta wa tumbo.

"Samahani, mwalimu," Kate akasema. "Mshono wa kwanza unauanzia wapi?"

"Hapa. Upana wa kidole kutoka kwenye mfupa. Ndivyo nilivyozoea."

"Na hiyo nafasi ya kidole, mwalimu, nani anaishona?"

Oketcho aliutazama mshono wake. Kisha akaukata, akauanza upya, safari hii kwenye nyama ngumu iliyofunika mfupa wenyewe.

"Nilikuwa nakupima kama unaangalia," akasema.

"Asante, mwalimu."

Heshima ingeokoka, kama si sauti iliyotoka upande wa pili wa pazia lililomkinga mgonjwa asione.

"Musawo," Emojong akamwita daktari wake, "hiyo umetoa sasa, ndiyo ile uliniwekea hizo mara mbili?"

Gunia lilikuwepo, kikohozi kilikuwepo, boda boda ilikuwepo, zote tayari kutumika.

"Ndiyo hiyo," Oketcho akasema.

"Na hii?"

"Hii ni nyingine."

"Basi shona, Musawo. Mimi sina haraka."

Nasikitika kuarifu kwamba paa halikuanguka, na shahada za Oketcho zingali ukutani. Emojong anavuta mawe Tiira mwezi wa nane sasa, na tumbo limetulia. Oketcho bado anamtangaza Kate kuwa mwanafunzi wake.

Mwezi uliopita Kate naye alimwita Busia, aje asimame nyuma yake akipasua uvimbe wa shingoni, kwa sababu wagonjwa wake wawili walivuja damu na haelewi kwa nini. Oketcho alivaa tai. Mpakani ofisa alimuuliza anakwenda kufanya nini upande wa pili.

"Kufundisha," akajibu. Kwapani alikuwa na daftari jipya, na mfukoni kalamu mbili.