Pole za Dada Mkasi

Kwenye karakana ya kushona sare walimwita Dada Mkasi, kwa kuwa akishika mkasi hakuna kitambaa kinachopotea bure. Meneja alipotafuta msimamizi wa meza ya kukatia, alisema kila anayeitaka nafasi hiyo asimame mbele ya wenzake asimulie maisha yake, ili watu wapate kumfuata kwa moyo.

Dada Mkasi akasimulia. Mumewe alifariki watoto wakiwa wadogo, naye akajifundisha kukata kwa magazeti ya zamani sakafuni jikoni, hata majirani wakawa wanampigia hodi na vitambaa vya nguo za harusi. Alitaka wajue hakuna kazi ya kumshinda. Lakini alipofika kwenye kifo cha mume, karibu wote walikuwa wanafuta machozi, na yaliyofuata hakuna aliyeyasikia.

Kesho yake alikuta usimamizi amepewa fundi cherehani, jirani yake wa mezani. Yeye alikuwa amewekewa kiti chenye mto, upande wa vifungo.

"Pumzika, dada yangu," meneja alimwambia kwa upole. "Umeteseka vya kutosha."

"Nani kakwambia nimechoka? Mimi naomba kazi, wewe unanipa pole!"

Sauti ilimpanda, cherehani zote zikanyamaza. Aliupiga teke ule mto ukaruka hadi mlangoni. Msimamizi mpya akauokota, akaukung'uta vumbi, akawanong'oneza wenzake:

"Mwacheni tu jamani. Msiba bado haujamtoka."