Kichwa cha Gia Tano

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano asubuhi, siku ya Jumatatu, mke wangu aliingia kwenye gari la jirani yetu, nami nikabaki nimesimama langoni na kikombe cha chai mkononi. Tulikuwa tunakaa Sokon One. Yeye alikuwa akifundisha shule moja ya Tengeru, na jirani alikuwa na duka Usa River, hivyo shule ilikuwa njiani kwake. Mimi nilikuwa mtunza stoo katika shirika la umma, mjini, upande mwingine kabisa. Mpango ulikuwa wa busara na niliukubali mwenyewe. Ndiyo maana sikuweza kuulalamikia.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, magari yaliyotumika Japani yalipoanza kuonekana hata mitaa ya kwetu. La jirani lilikuwa jeupe. Hakuwa amebandua plastiki kwenye viti wala stika ya Kijapani kwenye kioo cha mbele. Redio yake haikushika stesheni hata moja, lakini aliiwasha vivyo hivyo, ikawa inakoroma. Langu lilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Nilikuwa nimejifunza kulitengeneza kwa kitabu nilichokinunua kikiwa hakina jalada, na hakukuwa na nati ndani yake nisiyoijua. Nilidhani hilo lingetosha.

Jioni nikamuuliza mke wangu safari ilikuwaje.

"Gari lake lina gia tano," alisema, huku akimenya ndizi.

Mimi niliibeba ile tano wiki nzima. Nikiwa stoo nahesabu magunia, niliuona mkono wa jirani ukisukuma gia kulia, juu, na mke wangu akiutazama.

Jumamosi nikakifungua kichwa cha gia cha gari langu, lile tufe la juu ya fimbo linalokaa kiganjani. Nilikifunga kitambaa ili koleo lisikikwaruze, nikalegeza nati iliyo chini yake, nikazungusha kushoto. Hakikutoka. Nikakimwagia maji ya moto kidogo kidogo kwa dakika tano, gundi ya zamani ikaachia. Nikazipima nyuzi za skrubu kwenye fimbo kwa rula: nane ndani ya sentimita moja. Kisha nikaikandamizia kipande cha sabuni ili nipate alama, nikakitia mfukoni na kwenda Levolosi kwa muuza vipuri vya mtumba.

"Mzee, sabuni tena? Umekuja kufua?"

"Nataka kichwa cha gia kinachoingia hapa."

Akanitolea vitatu. Nikachagua cheusi, cha ngozi, chenye mchoro mweupe wa gia juu yake.

"Hicho ni cha gia tano," alisema. Akachungulia nje, akalitazama gari langu. "Na yule babu pale anazo tano?"

"Anazo."

"Basi kazeeka vizuri. Lete elfu moja na mia mbili."

Gari langu lilikuwa na gia nne. Kulia juu, pale mchoro ulipoonyesha tano, kwangu palikuwa pa rivasi, gia ya kurudi nyuma, na kizuizi cha kuzuia isiingie kwa bahati mbaya kilikuwa kimelika siku nyingi. Nilijua yote hayo. Nilikifunga kwa mizunguko kumi na mmoja, nikakaza nati, nikahakikisha mchoro umenyooka.

Jumatatu nilimpeleka mwenyewe Tengeru, kisha nikageuza kurudi mjini kazini. Mke wangu alikigusa kile kichwa kwa kidole. "Kizuri," alisema. Tukaenda hivyo miezi miwili. Jirani akitupita peke yake na redio yake inayokoroma, nilimpigia honi.

Halafu kioo cha mbele cha gari la jirani kikapasuka, na kingine hakikupatikana Arusha nzima. Nilifurahi. Wiki hiyohiyo nikashikwa na malaria. Jirani alipokuja kunijulia hali, nilimpa funguo nikiwa kitandani: achukue langu, afike dukani kwake, amshushe mke wangu njiani. Nilitaka aushike usukani wake. Nilimweleza habari ya choki, breki inayovuta kushoto na mlango usiofungwa bila kubamizwa. La gia nililikumbuka. Lakini mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake, nikanyamaza.

Jioni nilisikia watu wanasukuma gari uani. Lilikuwa limerudi bila rivasi.

"Jirani, nimekuua," alisema alipoingia. Alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mwenye sauti kubwa, na siku hiyo sauti ilikuwa chini. "Tumeshapita Ngulelo, barabara nyeupe, nikasema sasa niweke tano. Likapiga kelele kama mashine ya kusaga iliyomeza msumari. Miaka yote naendesha, sijawahi kukosa gia. Na shemeji yumo ndani!"

Akaweka elfu kumi na tano juu ya shuka. Nyingine angeleta mwisho wa mwezi. Nilizipokea. Kumwona ameinamisha kichwa kulinipa raha, na homa ikawa kama imepungua.

Alipotoka, mke wangu akafunga mlango.

"Umepokea."

"Si ameharibu?"

"Baba watoto, miezi miwili nakaa pembeni yako. Mkono wako haujawahi kwenda pale isipokuwa tukirudi nyuma."

Nikatafuta kosa lake. "Wewe ndiye uliyesema lake lina tano."

"Nilisema kwa sababu yeye husema hivyo kila asubuhi, kuanzia hapa mpaka Tengeru! Nilikuonjesha ninayoyasikia, ucheke." Akazisogeza zile noti karibu yangu. "Mpaka hizi zirudi, sipandi gari lako wala lake. Nitapanda basi."

Nikavaa koti juu ya homa, nikazichukua zile noti, nikaenda kwake. Nilimweleza jirani yote nikiwa nimesimama, kwa mpangilio, kuanzia sabuni.

"Kwa hiyo mimi sikukosa gia?"

"Hukukosa."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji anajua?"

"Ndiye aliyenituma."

Akacheka tena. Hela alizitia mfukoni bila kuzihesabu. Hata kicheko kile nilikionea wivu. Mimi ningekaa na hasira mwaka mzima.

Nilipopona tuliishusha giaboksi pamoja, yeye amelala chini ya gari na shati lake la dukani, akiipokea kifuani. Meno ya rivasi yalikuwa yamekatika. Jumatatu gari langu bado lilikuwa juu ya mawe, na la jirani limepata kioo. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano mke wangu akaingia ndani yake, akateremsha dirisha.

"Leo nitamhesabia," alininong'oneza, "atasema tano mara ngapi."

Nikarudisha kichwa cha zamani kwenye fimbo, kisichokuwa na mchoro wowote. Gia ya mtumba elfu ishirini na mbili, oili elfu tatu na mia sita, kichwa cha ngozi elfu moja na mia mbili. Jumla niliyopoteza ni shilingi elfu ishirini na sita na mia nane.