Jumatatu ya Pasaka Wodi ya Wazazi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ya Mutsamudu, kisiwani Anzwani, nilikabidhiwa pembe, kile kidude cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Aliyenikabidhi ni Mkunga Mkuu, Mmalagasi mnene mwenye sauti ya kukemea. "Wewe Mngazija, mikono yako baridi. Isugue kwanza, usije ukamshtua mama wa watu." Nilidhani nimepelekwa jela. Baadaye nilimpenda kuliko hata shangazi yangu.

Yeye alikuwa Mkristo, sisi wengine Waislamu. Kwao, Jumatatu ya Pasaka watu hawakai ndani. Hubeba vyungu wakaenda kula majanini. Kwa kuwa hakuweza kuiacha wodi, aliitoa wodi nje. Wajawazito wenye presha, wale tuliohofia watapatwa na kifafa cha mimba, tuliwatandikia mikeka uani tukapakua wali na mayai kwenye sinia moja. Mama mmoja wa kijiji cha Patsy aliuliza kama atasalishwa. "Sala yangu niliimaliza jana kanisani," Mkunga Mkuu akamjibu. "Leo ni wali na upepo tu." Jioni, tulipowafunga kitambaa cha kipimo mkononi, presha za wengi zilikuwa zimeshuka.

Kisha Anzwani ikatangaza kujitenga na kisiwa chetu na nchi nzima, na Mngazija pale Mutsamudu akawa mtu wa kutazamwa mara mbili. Pasaka ya mwaka uliofuata nilijifungia chumba cha dawa nisiwaharibie watu siku yao. Mjamzito mmoja akaja kugonga mlango, tumbo mbele. "Toka, mkunga, wali unapoa. Sisi na wewe hatuna ugomvi." Nikatoka, nikala nao.

Baadaye nilihamishiwa Moroni, kisiwani kwetu Wangazija, nikafurahi kurudi mtaani kwetu Magoudjou. Pasaka ilipofika nilimwomba Daktari Mkuu ruhusa ya kuwatoa wazazi nje. "Watoe," alisema, "lakini wakinyeshewa ni juu yako." Siku hizo vijana wa mitaani kwetu walikuwa wakiwasaka Waanzwani warudi kwao. Wodini tulikuwa na mmoja, Zahara, mimba ya kwanza, presha juu. Mumewe alikuwa amekwishakimbilia Mutsamudu. Zahara hakuzungumza na mtu, akiogopa lafudhi yake.

Nilimkalisha kivulini, katikati ya wenzake. Alipoomba maji, lafudhi ikamtambulisha. Mkono mmoja ukatoka kwenye sinia, ukafuata wa pili. Huyu akasema kichefuchefu, yule akasema jua kali, na wote walikuwa kivulini. Wa mwisho kuinuka alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu, naye alikuwa amelazwa pale.

"Wifi, kaa," nikamsihi.

"Siwezi kula na watu waliotuvunjia nchi," akajibu, tena kwa sauti.

Masikio yaliniwaka moto kwa aibu. Nilibaki nikala na Zahara, machozi yakinitoka. Yeye alikula kwa adabu, tonge dogo dogo, kama mgeni asiyetaka kumwudhi mwenyeji. "Usilie, mkunga," akaninong'oneza. Nilipompima, presha ilikuwa imepanda. Nilimtoa nje atulie, kumbe nimemtoa akaumbuliwe na watu wangu.

Asubuhi aliomba aruhusiwe apande meli ya Mutsamudu. Daktari Mkuu akamkatalia. "Kwa presha hii kifafa kitakupata njiani, na melini hakuna daktari."

"Heri nijifungulie baharini kuliko hapa kwenu," alisema Zahara. Hakumtazama daktari aliposema hivyo. Alinitazama mimi. Akafunga furushi lake la nguo, akaondoka.

Sasa nimestaafu. Wakunga vijana huja kuniuliza namna ya kumtuliza mwenye presha, nami huwaeleza habari za mikeka na upepo. Huwaambia pia waangalie sana wanamkalisha na nani, lakini sababu siwaambii. Siku hizi safari za Mutsamudu ni rahisi, na wanangu hunihimiza nikawaone wenzangu wa zamani. Siendi. Nikifika itanibidi niulize kama Zahara alifika salama, na uso wa kuulizia sina.