Nyundo Mlangoni kwa Mama Yake

Wauza nyama, wauza mchele na wanunuzi wa dhahabu wote walimwita Mizani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza mizani. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, kimejaa sahani za shaba, springi zilizochoka na mawe ya kupimia aliyoyafunika kwa kitambaa kama mtu anayefunika maandazi. Muuza nyama mmoja aliwahi kumnong'oneza kwamba mizani yake ikidanganya kidogo tu, robo ya mfupa, hakuna atakayejua. Mizani alimfukuza akiwa na tupa yake ya chuma mkononi mpaka mbele ya duka la viatu, watu wakapata cha kuzungumza. Alikuwa mkali hivyo, na ukali huo ulimpendeza mwenyewe, tusifichane.

Nyumbani aliishi na mdogo wake wa kike, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake pia. Wazazi walipofariki, Mizani ndiye aliyemlea. Hakuwa na mtoto mwingine wala hakutaka.

Na Jumapili mchana walicheza. Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, hauna ubao wala mshindi. Mmoja ni msimulizi, na pale msimulizi alikuwa Mizani. Anasema: mmefika mtoni, daraja limevunjika, ng'ambo kuna moshi. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, anasema mtu huyo anafanya nini. Kama jambo ni jepesi, limefanyika. Kama lina wasiwasi, kuruka, kupigana, kumdanganya askari, basi inarushwa dadu yenye pande ishirini. Namba inayotokea juu unaijumlisha na nguvu za mtu wako. Ukifikia kiwango, umefanikiwa, usipofikia, shauri yako. Ishirini yenyewe ni bahati kubwa: pigo linahesabiwa mara mbili. Na kila mtu ana pumzi zake, nazo hupungua kwa kila jeraha. Zikiisha, amekufa, na aliyekufa harudi. Hapo hata Mizani hakuwa na la kufanya, ingawa dunia yote ile aliibuni yeye.

Wachezaji walikuwa watatu. Sindano, jirani yao kinyozi, mtu wa maneno mengi, na mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mama wa makamo aliyejumlisha namba kabla dadu haijatulia. Walikuwa na sheria mbili ambazo huwezi kuzikuta kwa wengine. Ya kwanza iliwekwa na Mizani, baada ya kinyozi kubadilisha dadu kila alipokosa, kama anavyobadilisha nyembe: dadu uliyoanzia pambano ndiyo utakayomalizia. Ya pili iliwekwa na Sindano. Zamani Mizani alirusha dadu ya jambazi, jambazi akamvunja mkono mtu wa Sindano, na Sindano akanuna mpaka chakula kikaungua.

"Ukinirushia wewe, kaka, nitakununia wewe," alisema siku ile. "Nikijirushia mwenyewe sina wa kumnunia."

Tangu hapo adui akipiga, anayepigwa ndiye anayemrushia adui huyo, tena kwa dadu yake mwenyewe.

Mtu wa Sindano aliitwa Nyundo. Sindano angeweza kupeperushwa na feni, lakini Nyundo alikuwa pande la mwanamke, mabega kama kabati, anayebeba punda aliyechoka badala ya punda kumbeba yeye. Alitoka kwa mama yake kwa hasira, akiwa msichana, na miaka yote ya mchezo ule alikuwa njiani akirudi. Mara vita, mara mafuriko, mara kinyozi na upuuzi wake wa kutafuta hazina. Hakuwahi kufika.

Kisha Sindano akaugua. Damu yake iliharibika, ndivyo walivyoelezwa. Alitibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena. Siku ya mwisho hospitali, daktari alimwita Mizani kando, pale kwenye korido penye benchi la chuma, akamwambia hakuna dawa iliyobaki na asitegemee kwamba mgonjwa ataziona mvua zijazo. Mizani akaitikia kama mtu anayeelekezwa njia. Alipofika kitandani kwa mdogo wake, mdomo ukasema wenyewe:

"Wanaagiza dawa nyingine. Itachukua muda kidogo."

Tangu siku hiyo kila asubuhi Sindano aliuliza kama dawa imefika, na kila asubuhi Mizani alisema bado. Mtu aliyekimbiza muuza nyama kwa robo ya mfupa sasa alikunywa chai juu ya uongo, na alijichukia. Cherehani ilihamishiwa pembeni, ikafunikwa shuka. Sindano mwenyewe ndiye aliyesema ifunikwe, vumbi lisiingie.

Jumapili moja, wageni walipokuwa wanaondoka, Sindano alimshika kaka yake mkono.

"Kaka, nataka Nyundo afike nyumbani. Nataka nimwone akiingia kwa mama yake."

"Atafika."

"Afike kwa miguu yake. Ukimbeba nitajua. Na ukimbeba, basi hata mengine unayoniambia sitayaamini."

Hapo ndipo Mizani alipobanwa. Mlangoni kwa mama yake Nyundo palikuwa na mlinzi, na mlinzi huyo alibuniwa na Mizani mwenyewe miaka ya nyuma, kwa majivuno ya msimulizi anayetaka kuogopwa. Alikuwa na mkuki mrefu na pumzi nyingi kuliko Nyundo, na alipigana na mmoja tu. Mwingine akisogea, lango linafungwa milele. Wote walizijua namba zake, na mwalimu alikuwa nazo kichwani. Hazikuweza kupunguzwa kimyakimya. Kwa miezi, tangu Sindano augue, Mizani alikuwa akikwepa mapigano, akiwapitisha wasafiri kwenye masoko, harusi na kesi za mipaka ya mashamba, mpaka kinyozi akalalamika kwamba shoka lake limeota kutu. Sasa masoko yalikwisha. Mbele palibaki lango.

Basi akafanya alichofanya. Aliichukua dadu ya Sindano, ile ya bluu iliyofifia, akaenda nayo kibandani. Upande wa namba moja, ulio chini namba ishirini ikiwa juu, alitoboa kwa keekee nyembamba, akashindilia chembe ya risasi, yale madini mazito, akaziba kwa nta na rangi. Aliipima kwenye mizani ya dhahabu, akaongeza, akapunguza. Akairusha juu ya meza: ishirini. Akairusha tena: kumi na nne. Tena: ishirini. Ilitosha. Hakuna mkono mwingine sokoni ambao ungeweza kazi ile, na alipokuwa akikifunga kibanda chake aliona aibu kama aliyekutwa uchi.

Jumapili ikafika. Walikaa sebuleni, kitanda cha Sindano kimesogezwa karibu na meza, mito mitatu mgongoni. Alikuwa amejifunga kitambaa kizuri kichwani, kwa heshima ya Nyundo.

"Mmefika," Mizani alianza. "Ni jioni. Ukuta ni uleule, umepakwa chokaa. Nyuma ya lango mnasikia mtu anafagia."

"Mama yake," Sindano alisema.

"Mama yake. Lakini mbele ya lango amesimama mlinzi."

"Mwambie apishe."

"Hapishi."

"Basi nampiga," alisema Sindano, akaichukua dadu ya bluu, akaipuliza kama kawaida yake na kuirusha. Ishirini.

Kinyozi akapiga paja. "Dada, leo umekuja na bahati yako!"

Sindano alicheka mpaka akakohoa, na Mizani akahisi kifua kinamfunguka kwa mara ya kwanza tangu ile korido. Alilisimulia lile pigo kwa madoido yote, ngao ikapasuka, mlinzi akayumba, njiwa wakaruka ukutani. Pumzi zikapunguzwa mara mbili. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Sasa mlinzi anainua mkuki," Mizani alisema, na mkono wake ukaenda kwenye dadu yake nyeupe.

"Wee kaka, weka hiyo," Sindano alisema. "Anayepigwa mimi, ninarusha mimi. Umesahau?"

Alikuwa amesahau. Miezi yote ile bila pambano, sheria ya mdogo wake ilikuwa imemtoka kichwani kabisa. Alipokuwa kibandani na keekee yake alimwona Nyundo tu akipiga. Hakumwona Nyundo akipigwa. Sindano alikwisha kuipuliza dadu ya bluu. Ikazunguka mezani, ikapungua mwendo, ikalala. Ishirini.

"Lo," alisema kinyozi.

Mkuki uliingia begani, na jeraha likahesabiwa mara mbili. Mizani aliusimulia kwa maneno machache.

"Tumia hii yangu," alisema, akaisukuma ile nyeupe. "Hiyo ya kwako imechoka, namba hazionekani vizuri."

"Katikati ya pambano?" Sindano alimtazama kwa mshangao. "Sheria yako mwenyewe, kaka. Ulimsema kinyozi wa watu mpaka akataka kulia."

"Sikutaka kulia," alisema kinyozi.

Sindano alirusha kumpiga mlinzi: kumi na nne, na nguvu za Nyundo juu yake, pigo likaingia. Akarusha kwa niaba ya mlinzi: ishirini. Mizani aliula wa chuya, na alilijua hilo vizuri kuliko yeyote, maana kazi yake ni uzito. Dadu inayowapendelea wote wawili humwacha aliye na pumzi nyingi, na mwenye pumzi nyingi alikuwa mlinzi. Laiti angeiacha dadu ilivyokuwa, Nyundo angekuwa na bahati yake ya kawaida, ndogo lakini ya kweli. Angeweza kusema. Angeweza kufungua mdomo na kusema, dadu hii nimeichezea, turudie. Na Sindano angemwuliza ni kitu gani kingine amekichezea.

"Mlinzi anasita," alijaribu. "Amesikia ule ufagio. Naye anamkumbuka mama yake. Anashusha mkuki."

"Kwa nini?" Sindano aliuliza.

"Amechoka."

"Hajachoka. Amepata ishirini mara mbili." Macho yake yalikuwa makali, ya Sindano wa zamani. "Kaka, usinibebe."

Mwalimu aliinua macho kutoka mezani, akaitazama dadu ya bluu, kisha akamtazama Mizani kwa kitambo. Mizani akatazama sakafu. Mwalimu alivuta kitambaa chake mabegani kama mtu aliyepigwa na upepo.

Nyundo akapiga tena, na pigo likaingia. Mlinzi alikuwa amebakiwa na pumzi kidogo sana, na kinyozi alikuwa amesimama wima bila kujua. Zamu ya mlinzi. Sindano aliishika dadu muda mrefu kuliko kawaida. Safari hii hakuipuliza. Ikaanguka, ikajigeuza kwa uvivu, ikakaa. Ishirini.

Mwalimu alijumlisha, akafumba macho.

Mizani alilazimika kulisimulia, ndiyo kazi ya msimulizi. Alisema Nyundo alipiga magoti, kisha akalala ubavu, na mkono wake mmoja ukaligusa lango. Alisema ufagio ulinyamaza. Alitaka kuongeza kwamba mama alitoka, lakini akaishia hapo, na hakuna aliyemdai.

Kinyozi alilia, bila kuona haya. Sindano hakulia. Alikaa akiitazama meza, kisha akawashukuru wote, mmoja mmoja, kwa kumsindikiza Nyundo miaka yote ile. Wageni wakaaga. Mwalimu alipompita Mizani mlangoni alimgusa bega, na mguso huo ulimwuma kuliko tusi.

Aliporudi sebuleni, Sindano alikuwa ameishika dadu ya bluu kiganjani.

"Njoo ukae, kaka. Usijilaumu. Unajua nilikuwa na hofu gani? Nilidhani utampitisha bure, kwa kunihurumia. Kila mtu siku hizi ananihurumia. Lakini wewe umemwacha afe. Mtu asiyenidanganya kwa Nyundo hawezi kunidanganya kwa jingine." Akavuta pumzi. "Sasa niambie. Daktari alisema nini pale korido?"

Mizani akakaa ukingoni mwa kitanda. Alitafuta uongo mwingine na hakuupata. Wote alikwisha kuutumia.

"Alisema hakuna dawa."

"Na muda?"

"Alisema tusizitegemee mvua."

Sindano akaitikia polepole. Aliangalia shuka lililofunika cherehani, akaangalia dirisha. Mizani alimsubiri alie, amshike. Badala yake uso wake ukachangamka kidogo, kama wa mtoto anayeweka dau.

"Basi na mimi nirushe. Haki sawa na Nyundo. Ikitoka ishirini, nitaziona mvua, na daktari wako ashike adabu yake. Ikitoka nyingine, nimekubali."

"Usirushe, mdogo wangu."

"Unaogopa nini?"

Alinyoosha mkono aizuie, akachelewa. Dadu ilizunguka juu ya blanketi, ikaingia kwenye mkunjo, ikatulia wazi kabisa.

Sindano aliitazama. Akaweka mkono mdomoni. Sasa ndipo machozi yalipomtoka, na alikuwa akicheka humohumo.

"Umeona, kaka?"

"Nimeona."

"Ishirini. Baada ya leo yote, ishirini yangu mimi." Alijiinua kwenye mito. "Hebu ifunue hiyo cherehani. Isogeze pale dirishani, penye mwanga. Ina kiu ya mafuta, naijua. Mvua zikianza watoto wa shule watataka sweta na makoti, na mimi sijakata hata kitambaa kimoja."

Mizani akasimama. Alilitoa shuka, akalikunja vizuri. Aliisukuma cherehani mpaka dirishani, akatafuta kile kikopo cha mafuta, akaanza kuitia tone baada ya tone, kila kitundu, huku mdogo wake akimwelekeza kutoka kitandani ni kipi amekiruka.