Kaka alimwambia juge kwamba mudogo wetu si mugonjwa

Admin, ficha jina langu, maana hapa Kalundu watu tunajuana. Minye ni mama wa miaka thelathini na mbili, nauzisha ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Kwetu tulizaliwa watatu: kaka mukubwa, minye, na mudogo wetu, nitamwita Amani.

Amani ni mugonjwa wa kichwa tangu alipokuwa mwanafunzi. Anasikia sauti. Akikunywa dawa anatulia, anaenda kuvua na wenzake, anachekesha watoto wangu. Kaka ndiye alimupandisha hospitali kule Lemera mara ya kwanza, akamuuguza kama mama. Kwa ajili ya ile, nilimuheshimu kaka kuliko muntu yeyote.

Halafu mambo ya vita, barabara zikafungwa, dawa zikakosekana. Amani akachoma jikoni ya jirani, akisema kuna watu ndani wanamutukana. Jirani akaungua mikono. Polisi wakamukamata. Avoka wa kumutetea akatuambia, «Sheria haimuhukumu mugonjwa wa akili kama muzima. Lakini jamaa iseme mbele ya juge.» Kaka akajibu, «Nitasema minye. Nilimuuguza mwenyewe.»

Siku ya kesi mu tribinali juge akamuuliza kaka, «Ndugu yako iko mugonjwa?»

Kaka hakuniangalia. «Hapana, Mheshimiwa. Ni bangi tu. Anajifanya.»

Nilipiga kelele, wakanitosha inje. Amani alikuwa anacheka peke yake pale mbele, na watu wakasema, mwone, anatuchekelea. Akapewa miaka mitano.

Kaka alipotoka nikamushika shati. «Kwa nini?»

«Binti yangu anaolewa. Wakwe wakisikia wazimu iko mu damu yetu, nani atamutaka? Weye pia uko na mabinti. Siku moja utanishukuru.»

Sasa mu gereza Amani akisikia sauti zake anapiga kelele, wenzake wanamupiga, wanamufunga kamba. Nikimupelekea bukari na ndagala ale, ananiuliza, «Dada, kaka atakuja lini anipeleke Lemera?» Sijaweza kumwambia.

Avoka anasema kukata rufaa bado inawezekana, ila nisimame mbele ya watu niseme kaka alidanganya. Mama amenipigia magoti: «Usinipotezee watoto wawili.» Na ndoa imekaribia, minye ndiye shangazi wa kusindikiza bibi-harusi.

Wapendwa, mwenye jamaa yake ilipitia hii, aniambie bila kunionea haya: ninyamaze, ama niende kumusema kaka yangu? Nishaurini, maana nyumbani kwetu hakuna tena wa kumuuliza.