Kompyuta ya Baba Ilipopunguziwa Mzigo

Vumbi likipata joto ndani ya kompyuta kuukuu lina harufu yake. Nikiisikia leo kazini, narudi sebuleni kwetu Nshambya, na roho inaniuma.

Baba alikuwa mwalimu mstaafu. Kila jioni alikaa mbele ya mashine yetu akiandika, kwa kidole kimoja, habari za ukoo kama alivyosimuliwa na shangazi yake wa Ijumbi. Shangazi huyo alikuwa ameshafariki, na waliobaki hawakujua hata nusu ya aliyoyajua.

Mashine yenyewe ilikuwa nzito, jamani. Unaiwasha, unakwenda kumenya ndizi, unarudi bado inawaza. Kaka yangu Mugisha, aliyekuwa likizo, akaionea huruma. Alinieleza kwamba ile sura ya Windows, picha na vitufe vyote, ndiyo inayokula memori. Akaiondoa, akaweka nyingine nyepesi: kioo cheusi kitupu, na menyu inayotokea ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya. Kweli ikawa inawaka upesi. Kesho yake akarudi bwenini Muleba, shule ambayo simu ni marufuku, Baba akiwa bado msibani Ngenge.

Baba aliporudi akawasha. Weusi mtupu.

"Waitu, jamani, maneno ya shangazi yangu yako wapi?" aliuliza, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia.

Nilibofya kama Kaka alivyonionyesha. Menyu ikatokea, maneno madogo ya Kiingereza, na mimi wa darasa la tatu sikujua hata moja. Baba akanishika mkono taratibu.

"Acha, mwanangu. Utaharibu na kilichobaki."

Mama alisema tumsubiri Mugisha. Baba alisema mgonjwa hasubirishwi, akaibeba hadi kwa fundi mjini. Fundi naye akafuta kila kitu, akaweka Windows upya.

Ilipowashwa nyumbani, zile picha tulizozizoea zikarudi, na Mama akapiga vigelegele. Baba alicheka, akavuta kiti, akaanza kutafuta. Alitafuta mpaka chai yake ikapoa. Hakuandika tena.

Siku hizi kompyuta ndiyo kazi yangu, na ninajua kwamba nyuma ya weusi ule haikuwa imepotea hata herufi moja. Tulilia msiba pasipo maiti, kisha siku ya kuzika tukapiga vigelegele.