Siku Tatu Bila Waya

Shangazi yangu ana nyumba yenye magurudumu sita. Lilikuwa gari la kusambaza mikate. Alilinunua wiki ile ile aliyostaafu unesi, akatobolesha madirisha mawili, akaweka kitanda, sinki, jiko la gesi na friji ndogo ya kutumia betri, kisha akaliita Kasri. Baba yangu, ambaye ni mdogo wake, analiita Kopo. Mpaka leo jua likiwa kali kuta zake hutoa harufu ya mkate, na mimi nikiingia tumbo linaunguruma hata kama nimetoka mezani sasa hivi.

Kwa miaka sita alizunguka na Kasri lake akiwatembelea manesi wenzake wa zamani, waliotawanyika kwenye zahanati za mbali huko. Anafika, anaegesha, wanapiga soga wiki nzima, anaondoka. Unesi wake ulikuwa wa chanjo. Chanjo ikipata joto imekwisha, na katika miaka thelathini na mmoja ya kubeba makasha ya baridi Shangazi hajaharibikiwa hata kichupa kimoja. Ukitaka kumwona anavimba kichwa, muulize habari hizo. Lakini uwe na nafasi, maana hatanyamaza leo.

Mwaka jana daktari akamwanzishia sindano za insulini. Akiba ya dawa hiyo inataka kukaa kati ya nyuzi mbili na nane, na betri za Kasri zilikuwa hoi bin taabani. Unachaji mchana kutwa, asubuhi unakuta maziwa yamechacha. Shangazi akaja kuegesha uani kwa Baba, akachomeka waya wa umeme dirishani, akasema ni kwa wiki mbili tu. Wiki mbili zikawa miezi minane.

Baba ni fundi cherehani. Tangu Mama afariki, miaka mitatu sasa, alikuwa anakula amesimama, sahani juu ya jiko, kama mtu anayesubiri kuitwa. Mimi naishi mtaa wa pili, nafundisha hesabu sekondari, na kila nilipopita jioni nilimkuta hivyo hivyo. Shangazi alipokuja, Baba akaanza kukaa. Saa nne kamili asubuhi anatoka na sinia la chai, vikombe viwili, anagonga mlango wa Kasri. Wanacheza karata, wanaibiana, wanarushiana maneno mpaka majirani wanachungulia. Nilidhani ni ubishi wa watu wazima wasio na kazi. Jamani, mimi na hesabu zangu zote!

Siku moja Shangazi akatangaza, karata mkononi: "Nabadilisha betri za Kasri. Mwezi ujao naondoka."

Baba hakuinua macho. "Uende wapi na sindano zako?"

"Ninapokwenda siku zote."

"Thubutu! Kule kuna mahali unakaa siku tatu huoni hata nguzo ya umeme. Dawa ikiharibika utajidunga nini, chai?"

"Ndiyo maana nikasema nabadilisha betri. Umezibwa masikio?"

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwisho Baba akaweka sharti. Betri mpya zifungwe, halafu friji ikae siku tatu uani bila waya wa nyumbani na bila sola ya juu ya paa. Joto likivuka nyuzi nane hata mara moja, Shangazi anakabidhi funguo na kuhamia chumba cha nyuma moja kwa moja. Lisipovuka, aende zake na hakuna atakayemfungulia mdomo.

"Nakubali," akasema Shangazi, na akamla karata ya mwisho.

Nikampeleka dukani kwa jamaa anayeitwa Bwana Volti. Duka limejaa betri toka sakafuni hadi darini, na mwenyewe ana ulimi wa kumuuzia samaki maji. Akatupokea kwa tabasamu pana, akapiga kofi betri kubwa nyeusi.

"Mama, chukua hii. Hii inawasha lori la tani thelathini!"

"Mimi siwashi lori, baba. Nalisha friji."

"Nguvu ni nguvu, mama."

"Aka! Ya lori inatoa nguvu nyingi kwa mkupuo mmoja, basi, imemaliza kazi. Friji inakula kidogo kidogo usiku na mchana. Ukiilazimisha ya lori kazi hiyo, miezi sita umeiua. Nionyeshe za kazi hiyo, usinipotezee muda."

Bwana Volti akanitazama mimi, kama anayeomba msaada. Nikatazama dari.

Akatoa aina mbili. Za asidi, nzito, bei nafuu, ambazo ukizitumia zaidi ya nusu zinazeeka haraka. Na za lithiamu, bei ya kukukosesha usingizi, lakini unazitumia karibu zote na zinadumu miaka. Shangazi akafungua daftari lake. Friji inakula ampea arobaini kwa siku, taa na feni kumi na tano. Siku tatu ni mia sitini na tano. Lithiamu mbili za ampea mia mia zinatosha na chenji inabaki. Za asidi angehitaji nne, na Kasri lingeenda limekaa kitako. Akainama, akainyanyua ya lithiamu kwa mkono mmoja kama anapima mtoto kliniki.

"Hii naibeba mwenyewe," akasema. "Nataka kitu nitakachokifungua mwenyewe nikiwa peke yangu porini."

Bwana Volti akajaribu tena. "Basi chukua moja, uichanganye na moja ya zile za zamani. Bado ina uhai kidogo."

"Wewe ungechanganya dawa nzima na iliyopitwa na muda?"

"Hapana, mama."

"Haya. Na unipe chaja inayoelewana na lithiamu. Ile yangu ni ya asidi, ungeniacha niondoke nayo hivi hivi, sivyo?"

Jamaa akacheka kwa aibu na kwenda kuileta. Tulipotoka alimfungulia mlango wa gari mwenyewe.

Kufunga betri kulichukua siku nzima. Shangazi alilala chali chini ya kitanda na spana, miguu tu ikionekana, akitoa amri. Baba ndiye aliyeshona mikanda ya kuzibana zisirukeruke barabarani, akaipiga mishono mitatu mitatu. Niliiona kazi ile nikashangaa, maana mtu asiyetaka gari liondoke hashoni mikanda mizuri namna ile. Nikamwambia. Akasema kazi ni kazi, nisimsumbue.

Asubuhi iliyofuata jaribio likaanza. Shangazi alifunika sola kwa turubai na kuchomoa waya dirishani. Dawa zake halisi alizipeleka kwenye friji ya jikoni kwa Baba, na mahali pake akaweka vichupa vitupu alivyovijaza maji. Katikati yake akalaza kipimajoto kidogo cheupe, zawadi ya kustaafu. Kazi ya kusoma nikapewa mimi: asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu, eti, mimi si wa upande wowote.

Uongo mtupu. Nilikuwa upande wa Shangazi toka mwanzo. Yule mama hakuumbwa kwa chumba cha nyuma.

Siku ya kwanza: tano, tano, sita. Shangazi anaimba sinkini. Siku ya pili asubuhi: tano. Nikaenda sokoni, Shangazi akaingia nyumbani kuoga na kufua. Saa sita nikafungua friji. Nyuzi kumi.

Nikasoma tena, nikafuta kioo kwa kidole. Kumi.

Baba alikuwa mlangoni tayari. "Vipi?"

"Kumi," nikasema.

"Basi," akasema Baba kwa upole. "Imeshindikana. Betri ni betri tu." Hakuonekana kama mtu aliyeshinda. Alikuwa anajipangusa mikono kwenye suruali, tena na tena.

Shangazi akaja na kanga ya kufulia begani. Nilipomwambia, alikaa kwenye ngazi ya Kasri. Kwa mara ya kwanza nilimwona mzee. Alinyoosha mkono akaligusa bati la mlango, akaliacha. Nilitaka kulia, sifichi.

Halafu akasema, "Mwanangu, lete kompyuta yako."

"Ya nini, Shangazi?"

"Lete."

Kumbe kile kipimajoto kina kumbukumbu. Kila baada ya dakika kumi kinaandika joto chenyewe kimyakimya. Hilo mimi nilikuwa silijui, na Baba naye alikuwa halijui. Tukakichomeka, ukatokea mstari kwenye kioo. Shangazi akavaa miwani na kuusoma kama alivyosoma mistari ya namna hiyo miaka thelathini na mmoja.

"Angalieni. Betri ikifa, joto linapanda taratibu, na likipanda halirudi. Hapa saa nne lilikuwa tano. Saa nne na nusu limefika kumi na nne. Halafu linashuka lenyewe. Kumi na mbili, kumi na moja, kumi. Friji inafanya kazi kama punda. Betri ziko salama kabisa." Akavua miwani. "Huu ni mlango uliofunguliwa ukaachwa wazi kama dakika ishirini na tano. Nimefukuzisha kazi watu kwa mstari kama huu."

Saa nne. Saa ya sinia la chai. Mimi na Shangazi tukamgeukia Baba kwa pamoja.

Baba alitazama viatu vyake. Fundi mzima, babu wa watu, ameinamisha kichwa kama mwanafunzi wangu aliyekutwa na karatasi ya majibu soksini.

"Nilikuja na chai," akasema. "Hukuwepo. Nikakaa. Nikaona jinsi ulivyopanga vitu vyako vya safari pale juu." Akaonyesha friji kwa kidevu. "Dawa zako ziko jikoni, dada. Nilihakikisha kwanza. Nisingekudhuru."

"Najua hungenidhuru. Nauliza kwa nini."

"Ukiondoka, chai nitamtengenezea nani?"

Mimi niligeuka nikajifanya natafuta waya wa kompyuta. Mambo niliyoyaona kwa miezi minane, sinia, vikombe viwili, ubishi wa kila siku, yote yakanirudia, na nikajiona mjinga kupindukia. Baba yangu mwenyewe!

Shangazi hakumkumbatia wala hakumfokea. Alinyanyuka, akafunga friji, akajaribu mlango mara mbili kwa kiganja.

"Jaribio limevurugika," akasema. "Linaanza upya. Siku tatu tena. Nazima kumbukumbu ya kipimajoto, na safari hii unasoma wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Unasoma, unaandika kwenye daftari, unaweka sahihi. Utakachoandika ndicho hicho hicho. Sitachungulia."

"Shangazi!" nikaruka. "Huyu si ndiye—"

"Wewe nyamaza, hesabu zako zilishindwa kumwona mtu."

Betri zikachajiwa zikajaa, turubai likarudi juu ya sola, na Baba akahamishia kiti chake cha kushonea pembeni ya Kasri. Siku tatu hizo hakushona nguo ya mteja hata moja. Kila akisoma aliandika kwa mwandiko wake wa kuchorea vitambaa, tarakimu zimenyooka wima. Chai ililetwa saa nne kama kawaida, lakini karata zilichezwa kimya, na kimya cha wale wawili kilinitisha kuliko kelele zao.

Siku ya tatu jioni nilikuwepo. Baba alifungua friji, akainama, akakaa ameinama muda mrefu. Angeweza kuandika tisa. Tarakimu moja tu, na dada yake angekuwa chumba cha nyuma mpaka mwisho wa maisha yao, na hakuna ambaye angejua. Shangazi alikuwa sinkini ametupa mgongo, anaosha kikombe kile kile kilichokwisha kuwa safi. Nilimwona Baba akimtazama mgongo ule. Kisha akalamba ncha ya penseli na kuandika.

Nikasogea kutazama. Sita. Pembeni, kwenye nafasi ya maelezo, alikuwa ameandika: Zimefaulu. Na sahihi.

"Soma kwa sauti," akasema Shangazi bila kugeuka.

"Sita," Baba akasema. "Nenda, dada. Betri zako ni nzuri."

Shangazi akafunga bomba. Alijifuta mikono kidole kimoja kimoja, na nikaona macho yake yamelowa.

"Kuna tatizo moja," akasema. "Mimi nikiwa naendesha, kipimajoto nani atakisoma?"

Baba akamtazama, akanitazama mimi, akalitazama Kasri toka gurudumu la mbele hadi la nyuma kama anayelipima suti.

"Kile kiti cha pili mto wake ni mgumu," akasema hatimaye.

"Si fundi wewe? Shona mwingine."

Akaushona usiku huo huo, mishono mitatu mitatu, na Jumatatu wakaondoka. Mimi nimebaki na funguo za nyumba, maua ya kumwagilia na wateja wa Baba wanaonigombeza kuhusu suruali zao. Kila siku ananitumia picha ya ukurasa wa daftari. Ya leo imeingia nikiwa darasani. Asubuhi, nyuzi tano. Betri zimejaa. Mlango wa friji umefunguliwa mara moja, saa nne, kutoa maziwa ya chai. Vikombe viwili.